Miezi minne nalipia tovuti yangu ionekane Google, kumbe ninaowalipa ndio waliofunga mlango

Nilitaka kuandika haya wiki ile ile nikaona nitatukana. Nikasubiri. Hasira haijapungua, ila sasa naweza kupanga maneno.

Mimi ni mchoraji wa Tingatinga hapa Dar es Salaam. Nachora tembo, kanga, samaki na mibuyu kwa rangi ya kopo inayong'aa, kwenye hadibodi na kanvasi. Mzee wetu Edward Saidi Tingatinga, alipoanza mwaka 1968, mteja wake alikuwa mtu anayepita Oysterbay, anaona picha, anasimama. Siku hizi mteja anayesimama barabarani ni mmoja mmoja. Wengine wako Ujerumani huko, wanatafuta kwenye simu. Usipotokea kwenye simu yake, kwake hujazaliwa. Ndiyo maana nikatafuta watu wa kunitengenezea tovuti na kuipandisha Google.

Jina la kampuni silitaji. Waliniahidi namba moja. "Ndani ya miezi mitatu, mama, namba moja." Nikalipa ya kutengeneza, halafu laki tatu kila mwezi ya kupandisha. Kuna miezi laki tatu ndiyo yote niliyoingiza.

Siku ya kikao nilikuwa na maswali yangu. Nikamwambia yule bosi wao, baba, neno tingatinga kwa Kiswahili ni lile dude la kusukuma vifusi barabarani. Mtu akiandika neno hilo peke yake ataletewa matrekta, mmelifikiria? Na picha zangu Google itazijuaje, ikiwa pembeni hapajaandikwa kitu? Akacheka. Mbele ya vijana wake wawili akaniambia: "Mama, wewe chora tembo wako, Google tuachie sisi."

Nikanyamaza. Nilikuwa na rangi ya bluu kwenye kucha, nikaficha mikono chini ya meza. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko hela.

Kila mwezi wananitumia ripoti WhatsApp, mishale ya kijani inapanda tu. Simu ya mteja hakuna. Nikiuliza, naambiwa Google inachukua muda, vumilia. Na kweli inachukua muda, kila anayejua kazi hii atakwambia hivyo. Walichukua neno la kweli wakajifunika nalo.

Mwezi wa nne wa kulipa akaja mtoto wa dada yangu, yuko chuo. Nikamwonyesha ile mishale. Hakuiangalia hata mara mbili. Akaandika kwenye Google neno site, nukta mbili, halafu anwani ya tovuti yangu bila kuacha nafasi. Inatakiwa itoe kurasa zako ambazo Google inazijua. Haikutoa kitu.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama mdogo."

Akaniomba nywila. Ninayo kwenye daftari la risiti za rangi. Akaingia WordPress, programu ambayo tovuti yangu imejengwa nayo, akafungua mipangilio, sehemu ya usomaji, akashuka chini, akaniita: "Mama mdogo, njoo uone." Kisanduku kidogo kimewekwa tiki. Pembeni yake sentensi moja ya Kiingereza: kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hii.

Nilisoma mara tatu. Akanieleza kwamba mafundi huweka tiki hiyo wakati wa kujenga, ili kurasa ambazo hazijakamilika zisitoke nje. Siku ya kuzindua unaiondoa. Wao hawakuiondoa. Miezi minne nimelipa wapiga mbiu wanitangaze, na mlangoni kwangu wao wenyewe wamebandika karatasi: msiingie.

Akaitoa tiki, akahifadhi. Akanifungulia akaunti ya Search Console, huduma ya kukuonyesha Google inaionaje tovuti yako, ambayo ni ya Google wenyewe na ni bure, akaomba kurasa zikaguliwe. Hata chai haikupoa. Baada ya siku kadhaa kurasa zikaanza kutokea, moja moja.

Nikaenda ofisini kwao. Bosi akasema: "Aa, hicho ni kitu kidogo tu, mama. Si sasa inaonekana?" Nikamuuliza, kama Google haikuwa na hata ukurasa wangu mmoja, ile mishale ya kijani ilikuwa inapima nini? Akachukua simu yake akaanza kuipekua.

Sasa niseme na haki ya mtu. Kuna dada pale ndiye aliyepiga picha za kazi zangu. Alikataa kabisa kupiga kwenye jua la saa sita, akasema rangi hii inarudisha mwanga. Akazihamishia barazani, akatandika shuka jeupe chini, akangoja wingu. Bluu yangu imetoka bluu. Nimepigwa picha za kazi miaka mingi, hakuna aliyewahi kunitolea ile bluu. Na tovuti yenyewe kwa kuiangalia ni nzuri, wageni wananisifia. Nikikaa nikitulia nasema kwa kazi yao niwape labda nyota mbili, hata tatu.

Halafu naifungua mwenyewe. Mafaili ya picha bado yana majina ya kamera, IMG na tarakimu. Maelezo ya picha hakuna hata moja. Lile swali nililochekewa! Na ile ahadi ya namba moja: Google wenyewe wameandika hadharani kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba nje ya matangazo hawapokei hela kumpandisha mtu. Ningelijua hilo siku ya kikao ningeinuka na kucha zangu za bluu nikaondoka.

Kila jioni sasa naandika mwenyewe, picha mbili tatu. "Tembo wawili chini ya mbuyu, mchoro wa Tingatinga, rangi ya kopo kwenye hadibodi, sentimita 60 kwa 60." Kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza. Wasanii wenzangu, kabla hamjalipa mwezi wa pili, andikeni ile site kwenye simu zenu wenyewe, na nywila muwe nayo. Mimi nisingekuwa na lile daftari ningekuwa bado nalipa.

Tatu hapana. Mbili pia nimezifuta. Nyota moja, na ni ya yule dada wa picha. Dada, kama unasoma hapa, ukitoka pale nitafute. Nina kazi mpya kumi na mbili zimeegemea ukutani, na baraza langu lina kivuli mpaka saa tisa.