Halmashauri iliyoshindwa kumwitikia mama mkwe wangu salamu

Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi wa getini. Wengine wote mle ndani sina cha kuwapa. Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeoa KwaZulu-Natal, jimbo la Afrika Kusini, na sasa tunaishi ukweni, kijijini kabisa, kaskazini mwa jimbo. Huku wananiita mkhwenyana. Mswahili yeyote atalisikia neno "mkwe" humo ndani. Jina la halmashauri sitalitaja. Jimbo lina halmashauri 43 za ngazi ya chini, na wengi walioko vijijini watadhani nasema ya kwao.

Miezi kadhaa iliyopita boza la maji liliacha kuja. Wiki ya kwanza tukavumilia. Ya pili jojo, ndivyo wanavyoliita lile tangi la kijani la kila nyumba, likabaki na tope. Ya tatu watoto wakawa wanaanzia mtoni na toroli na madumu kabla ya kwenda shule. Mama mkwe, ambaye ameshavuka sabini, akasema basi twende halmashauri wenyewe. Akavaa gauni lake la kanisani. Kabla hakujapambazuka tulikuwa barabarani tukingoja teksi, yaani daladala yao, ambayo haiondoki mpaka ijae.

Tulipanga foleni saa tatu nzima. Tulipofika dirishani mama akasema, "Sanibonani."

Salamu ya Kizulu imetoka kwenye kuona. Ukisema "sawubona", au "sanibonani" kwa wengi, ni kama umesema tumekuona, na mwenzako anaitika "yebo". Neno moja tu. Binti aliyekaa dirishani, rika la wajukuu zake, hakuitika, wala hakuinua macho kutoka kwenye simu. Mama akarudia taratibu, akidhani hakusikika. Kimya. Halafu: "Mnataka nini?"

Mimi mgeni nimeshafokewa kwenye madirisha mengi ya nchi hii, nikameza. Lakini huyu ni mama yao wenyewe, amewasalimia kwa lugha yao wenyewe!

Jibu likawa kwamba maji si yao, ni ya wilaya. Kwa hilo hakusema uongo. Vijijini huku maji yako mikononi mwa halmashauri ya wilaya. Hii ya chini inashughulikia barabara ndogo, taka, kumbi na mengineyo. Sawa. Lakini kikongwe aliyetoka nyumbani usiku angejuaje? Nilipoomba angalau malalamiko yapokelewe, akadai uthibitisho wa makazi. Mama akatoa barua ya induna, jumbe wa kijiji, aliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni. Binti akaitazama kwa mbali: mhuri ni wa zamani. "Buya kusasa." Rudi kesho.

Anwani ataitoa wapi? Ardhi ya kijiji chetu, kama hekta nyingine karibu milioni 2.8 za jimbo hili, iko chini ya Ingonyama Trust, iliyoanzishwa 1994, na mdhamini wake ni mfalme wa Wazulu. Nyumba haina namba, njia haina jina. Anayejua unaishi wapi ni induna na majirani. Mama amezaa watoto sita kwenye kiwanja kile, amemzika mumewe pale pale, halafu anaambiwa hajulikani anakoishi.

Alikuwa amesimama muda wote. Mlinzi ndiye aliyeacha geti, akaleta kiti chake mwenyewe, akapiga goti kidogo, akasema, "Hlala phansi, gogo." Keti, bibi. Mama akalia hapo, si dirishani.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshatunga maneno ya kuandika: msije huku, hakuna serikali, hakuna watu. Nayafuta. Jioni ile ile induna alikuja kwa miguu, akaandika barua mpya akiiegemeza gotini, kisha akampigia simu diwani mbele yetu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bonde. Kesho yake jirani akapita na pikapu akatushushia mapipa mawili. Hakutaka hata pesa ya mafuta. Basi watu wapo, na nyota ningewaongezea mpaka tano.

Ila kila nikikumbuka lile dirisha naziondoa tena. Kama induna anaweza kuandika barua gotini, mwenye meza, kiti na mshahara anashindwaje kusema "yebo"?

Boza lilikuja wiki ya nne. Dereva alishuka, akasalimia kila mtu uani, na mama akampa amahewu, kinywaji chao cha mahindi kinachofanana na togwa letu. Mama ameshasamehe. Anasema huenda binti yule alikuwa na msiba. Mimi bado.

Na yule mlinzi, kama kuna anayemfahamu, amwambie mkhwenyana wa yule bibi wa kiti anamshukuru sana.