Lotisema ya upande wa Kasapa: lupango ni nzuri, lakini mfereji wa nyuma ni wa nani?

Watu wengi wananiuliza juu ya ile kampuni iliyotuuzia malupango (viwanja vya kujenga) upande wa route Kasapa, wanataka kujua kama wanunue ao waache, basi naandika yote hapa mara moja maana kwa simu inakuwa ndefu. Jina silitaji. Mwenye kutafuta lupango upande ule atawakuta tu, na haya ninayosema yanamfaa hata anayenunua Kimbembe, Kilobelobe ao Luwowoshi, popote Lubumbashi wanapokata shamba kuwa malupango.

Nianze na mazuri kwa sababu yapo mengi. Borne zao, yaani alama za mpaka, ni za beton kweli, si vile vyuma vya kuchomeka ambavyo mtoto anang'oa akicheza. Jeometre alipima mbele yetu, majirani wa pande zote wakiwepo, kroki (mchoro wa lupango) tukapewa siku ile ile, makaratasi ya kadastre, ofisi ya kupima ardhi, wakayafuatilia wenyewe mpaka sertifika ya lupango ikatoka na hakuna aliyetuomba pesa ya pembeni. Avenyi ni pana, lori mbili za mchanga zinapishana bila kugusa klotire (ukuta wa lupango) ya mtu. Unalipa kwa mafungu na ukichelewa wanakupigia kwa heshima. Kwa hayo yote nawapa haki yao.

Shida yao ni maji, na hapo nitakaa.

Kwetu kuna mteremko mdogo sana, ukisimama huuoni, lakini maji yanauona. Mvula ya Lubumbashi ni kama milimita 1,200 kwa mwaka na karibu yote inaanguka kati ya Novemba na Aprili, na ule udongo mwekundu ukishashiba haunywi tena. Zamani pale palikuwa majani na vichuguu, maji yalikuwa yanatawanyika polepole mpaka mtoni, sasa ni mabati na sima na pave kila mahali, kwa hiyo yote yanashuka kwa mara moja. Kampuni iliona hilo mapema, njo maana kwenye kroki walichora ukanda wa mita 3 nyuma ya malupango, kutoka juu mpaka chini. Juu ya ardhi kuna kanivo, yaani mfereji, ya maji ya mvula, na chini yake imelazwa tiyo (bomba) ya PVC ambayo inakusanya maji machafu ya nyumba za mstari wetu na kuyapeleka kwenye fose (shimo la maji machafu) moja kubwa ya pamoja kule kona ya chini.

Wazo lenyewe ni zuri kuliko yote niliyoyaona kwenye lotisema nyingine, na nitaeleza kwa nini. Kwetu hakuna tiyo ya mji ya maji machafu, kila mtu anachimba fose yake na kisima chake humo humo ndani ya lupango. Watu wa afya wanashauri mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, na chini ya shimo ibaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini. Sasa chukua lupango ya 20 kwa 25, pima kona kwa kona, unapata mita 32 tu! Utaweka wapi kisima, utaweka wapi fose, na fose ya jirani ambayo iko nyuma ya ukuta wako je? Haiwezekani. Fose moja iliyowekwa mbali na visima vyote inalinda watoto wa mstari mzima, na hapa kwetu, ambapo kolera si hadithi, hilo ni jambo kubwa sana.

Kumbe siku ya kuuza hakuna anayeeleza ule ukanda ni nini. Komisionere, yaani dalali, anakwambia, "Hiyo ya nyuma nayo ni yako mama, iko ndani ya borne." Na ni kweli iko ndani ya borne, umeilipia, jina lako liko kwenye sertifika. Ila ile ni servitidi, maana yake ardhi ni yako lakini wengine wana haki ya kupitisha maji yao pale na fundi wao ana haki ya kuingia kutengeneza, kwa hiyo unaweza kupanda lengalenga ao majani, lakini huwezi kujenga ukuta wa kuziba, huwezi kuweka jiko, huwezi kumwaga dale ya sima juu ya regare (kishimo cha kuzibulia tiyo), na mti wa mwembe juu ya tiyo usithubutu maana mizizi inaingia kwenye maungio. Hayo yote yalipaswa kuandikwa kwenye kontra kwa maneno ya kawaida. Kontra yetu ilikuwa na kurasa nyingi za malipo na adhabu za kuchelewa, na juu ya ukanda hakuna hata mstari mmoja.

Matokeo yake, jirani wa chini, baba mmoja mwenye adabu sana, akajenga klotire yake mpaka mwisho wa borne na akasimamisha aneksi (nyumba ndogo ya nyuma) juu ya ukanda. Hakuna aliyemwambia asijenge. Mvula ya kwanza kubwa maji yakagonga ule ukuta yakarudi kwa watu wa katikati, jikoni kwetu yalifika kwenye kifundo cha mguu. Halafu tiyo nayo ikaziba, regare ya kuizibulia ikawa iko chini ya sakafu ya ile aneksi, basi uchafu wa nyumba za juu ukawa unatokea kwenye dushi za watu. Tulipoenda kuongea naye akasema, "Mayi haina yangu, iko ya mvula." Biro ya kampuni ikasema sisi tumeshauza, kanivo sasa ni ya wakaaji. Biro ya kartie (ya mtaa) ikasema rudini kwa kampuni. Na OVD, ofisi ya serikali, kazi yake ni barabara za mji na mifereji mikubwa ya kukusanya maji, hawatakuja kuchimba nyuma ya jiko la mtu.

Sheria ipo lakini, na inafaa kila mnunuzi aijue kabla hajatoa fungu la kwanza. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, ile ambayo ilirekebishwa 1980, ina sehemu nzima ya servitidi. Maji yanayoshuka yenyewe kwa mteremko, bila mkono wa mtu, lupango ya chini inapaswa kuyapokea, mwenyewe hawezi kujenga kitu cha kuyarudisha juu. Na mtu wa juu naye hawezi kumzidishia mwenzake mzigo, yaani huwezi kusawazisha uwanja wako wote kwa sima ukakusanya maji yote kwenye tiyo moja ukamwelekezea ukutani. Kwa hiyo yule baba alikuwa na haki nusu na sisi wa juu tulikuwa na haki nusu. Ila maji ya choo na ya kufulia hayamo kwenye hilo la mteremko, hayo ni ya mkono wa mtu, yanapita kwa jirani kwa mapatano tu. Na mapatano yakibaki mdomoni yanakufa siku jirani akiuza. Yakiandikwa kwa konservatere, mkubwa wa ofisi ya hati za ardhi, kwenye sertifika yanaifuata lupango hata ikibadilisha mwenyewe mara ngapi. Wengi hawajui tofauti hiyo ndogo, na ndiyo inaleta vita kati ya watu wanaosali kanisa moja.

Nitasema na hili la haki: tulipokwenda wengi pamoja, kampuni ilibadilika. Walimtuma jeometre yule yule na teknisie mmoja kijana wakaja na plan ya tiyo, plan ambayo kila mnunuzi alistahili kopi yake tangu mwanzo, na yule kijana akatembea na mita akaonyesha regare zote zilipo bila kuchimba ovyo. Kazi ya chini ya ardhi imefanywa vizuri, lazima nikubali, tiyo ya milimita 160 kwenye mstari mkubwa, 110 kutoka kila nyumba, mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita. Aneksi haikuvunjwa. Walikata dale pale kwenye regare tu, wakaweka mfuniko wa chuma unaofunguka, na chini ya klotire masoni akatoboa njia pana yenye vyuma vya kuzuia takataka ili maji yapite. Gharama tuligawana na kampuni ikatoa sima na fundi.

Teknisie huyo njo aliyegundua kitu kingine: nyumba kadhaa zilikuwa zimeunganisha maji ya bati kwenye regare ya choo. Usifanye hivyo hata fundi akikwambia ni rahisi! Mvula moja tu inajaza fose ya watu wote, uchafu unaelea, na gari ya vidanje (ya kunyonya fose) inaitwa kabla ya wakati. Maji ya bati yaende kwenye uwanja wako ao kwenye kanivo, basi.

Sasa tumeandika akte ya mapatano, tuliketi nyumbani kwa shefu wa avenyi, kila lupango imetia sahihi. Kila nyumba inafagia kipande chake cha kanivo kabla ya mvula za Novemba na siku za Salongo (kazi ya usafi ya wote), tiyo na regare zinatengenezwa kwa pesa ya wote wanaoitumia, fundi anaingia kwa mtu akiwa ametoa habari, na aliyeziba anazibua kwa mfuko wake. Mama wa kona ya chini mwenye fose ya pamoja kwake tulimwondolea mchango wa vidanje, kwa sababu yeye ndiye anayevumilia harufu na ndiye anayefungulia gari mlango, mimi naona ni haki kabisa na nilishangaa kuna waliopinga. Akte iko sasa kwa konservatere inasubiri kuandikwa kwenye sertifika zetu.

Kwa hiyo nunueni kwao ao msinunue? Kwa ardhi na makaratasi, mimi ningenunua tena kwao. Kwa maji, ukiingia bila karatasi utateseka. Kabla ya kulipa omba plan ya tiyo na kanivo, siyo kroki ya borne peke yake, na uombe kontra iseme upana wa ukanda, kitu gani hakijengwi juu yake, na nani anasafisha nini. Wakikataa kuandika, lipeleke fungu lako kwingine. Na nenda uone lupango wakati wa mvula, si Agosti. Angalia alama ya matope kwenye kuta za majirani, inakwambia maji yalifika wapi.

Nawapa nyota tatu kwa tano. Ya nne nawawekea siku watakapoanza kumpa kila mnunuzi ile plan bila kuombwa. Biro yao ukifika muombe jeometre mwenyewe, usimalize na komisionere, maana jeometre ndiye anajua tiyo inapita wapi na akiulizwa anaeleza bila kuficha.