Taka za Nairobi: jaa la Dandora au kutenganisha nyumbani?

Njia ya kwanza ni rahisi mno: unatupa kila kitu ndani ya gunia moja, lori linakuja, taka zinaishia Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na hadi leo malori bado yanapanga foleni. Chupa inayofika huko imeshalowa maji ya maganda na mchuzi. Anayeiokota lazima aioshe kwanza, na bei imeshashuka.

Njia ya pili inadai ndoo mbili jikoni. Maganda ya viazi na majani ya sukuma wiki yaliyonyauka huenda kwenye mboji, au kwa jirani mwenye nguruwe. Chupa, karatasi na mikebe hubaki mikavu, na mnunuzi wa vitu chakavu huzipima kwa kilo pale pale mlangoni. Sheria ya taka ya 2022 inataka hivyo hasa.

Shida? Lori likija likachanganya vyote tena, umejisumbua bure. Uliza kwanza. Mimi ningechagua ndoo mbili, ila nepi na vigae vilivyovunjika bado vitaenda jaani.