Tundu la paka la shilingi 85,000: Dar hadi Iringa na Shombo kwenye Toyota IST

Nianze na boksi. Miaka miwili iliyopita nilimpeleka paka wangu, Shombo, kufungwa kizazi, na kwa akili zangu za wakati ule nikamtia kwenye boksi la mafuta ya kula, nikalitoboatoboa kwa kisu na kulizungushia selotepu. Kutoka kwetu Segerea hadi kwa daktari ni dakika 20 kama hakuna foleni. Foleni ilikuwepo. Shombo akakojoa, kitako cha boksi kikalowa, na nikiwa naikaribia mataa nikahisi kitu laini kinapita juu ya mguu wangu wa kulia. Alikuwa amejikunyata nyuma ya breki. Nikavuta breki ya mkono katikati ya barabara, nikawasha hazadi, nikatukanwa na makonda wa daladala mbili na bodaboda mmoja, huku nimeinama chini ya usukani namvuta paka kwa shingo. Kovu la kucha bado lipo mkononi.

Ndiyo maana barua ya uhamisho wa Iringa ilipofika, kabla hata sijatafuta nyumba, nilitafuta tundu. Nikisema tundu namaanisha lile sanduku la plastiki ngumu lenye mlango wa waya mbele. Wauzaji wanaliita keji. Nililipata kwa muuza vifaa vya mifugo wa mtandaoni kwa 85,000, na 5,000 ya bodaboda wa kuniletea. Mama aliposikia bei akaniuliza kama paka mwenyewe ana bei hiyo. Shombo tulimwokota sokoni Feri, hana bei yoyote.

Ni la vipande viwili, cha chini na cha juu, vinavyoshikana kwa vibanio vinane. Urefu ni kama sentimita 48, na Shombo mwenye kilo nne anasimama, anageuka na kujilaza bila kubanwa. Ukitaka kununua, kipimo ni hicho: asimame, ageuke, ajilaze. Kubwa mno nalo si zuri, kwa kuwa gari likifunga breki paka anarushwa ukuta hadi ukuta. Lina mlango wa mbele na mwingine juu, na huo wa juu ndio ulioniuzia. Paka hapendi kusukumwa kwenye shimo kichwa kikitangulia, ila ukimshusha kutoka juu, matako kwanza, hashtuki sana.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na mimi ningeharibu kama si daktari. Nilimpigia kumweleza kuwa nimeshanunua na safari ni wiki tatu mbele. Akaniambia, "Dada, litoe kwenye karatasi yake leo. Usimwoneshe siku ya safari." Nikalifungua, nikaondoa kipande cha juu, na cha chini nikakiweka karibu na friji anapopenda kulala. Lilikuwa linanuka plastiki mpya vibaya sana. Nililiosha kwa maji ya sabuni, nikalianika juani siku nzima, kisha nikatandika fulana yangu niliyokuwa nimelala nayo, bila kuifua.

Siku tatu za mwanzo Shombo alilizunguka kama mtu anayepita nje ya nyumba ya mdai wake. Siku ya nne nikaweka dagaa ukingoni, akala miguu ya nyuma ikiwa nje, tayari kukimbia. Wiki ilipoisha nikamkuta amelala humo mwenyewe. Nikarudisha kipande cha juu bila mlango, halafu na mlango, halafu nikawa naufunga dakika moja, tano, kumi, na kila ukifunguka kuna dagaa. Baadaye tukahamia kwenye gari: mara ya kwanza limezimwa, mara ya pili linaunguruma palepale uani, mara ya tatu hadi kituo cha mafuta na kurudi. Majirani walinitazama sana. Mpangaji mwenzangu aliniuliza kwa upole kama niko sawa.

Kuhusu dawa. Kila mtu mtaani ana dawa ya paka wako. Mmoja alinishauri nimpe Piriton alale, mwingine nusu ya Panadol. Naomba hili la Panadol lisomwe mara mbili: paracetamol inaua paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na hata kipande cha kidonge kinatosha kumwua. Daktari alinipa gabapentini, dawa ambayo binadamu hupewa kwa maumivu ya neva, kwa kipimo alichokipiga kulingana na uzito. Tena alitaka tuijaribu nyumbani kwanza siku ya mapumziko. Nikafungua kapsuli, nikachanganya na samaki, na baada ya saa mbili Shombo alikuwa anatembea kama mlevi wa pombe ya mnazi, lakini ametulia. Usiipime kwa kukisia, na usichukue ya bibi mwenye kisukari ukampa paka.

Tuliondoka saa 10 alfajiri, mdogo wangu akiendesha, mimi nyuma. Chakula cha mwisho Shombo alikula saa 2 usiku, kwa kuwa tumbo likiwa tupu hata akichafukwa hana chakula cha kutapika. Tundu nililiweka sakafuni nyuma ya kiti cha abiria, kisha tukarudisha kile kiti nyuma hadi kikalibana. Mdogo wangu alitaka liwe juu ya kiti na lifungwe mkanda. Nami ningedhani hivyo, ila nilishasoma ushauri wa Center for Pet Safety, shirika la Marekani linalovipima vifaa hivi kwa kuvigongesha: tundu ambalo halikuwahi kufanyiwa jaribio la ajali usilifunge mkanda wa kiti, maana gari likigonga, mkanda wenyewe unaweza kulivunja na kumminya mnyama. La kwangu halina karatasi yoyote inayoonyesha limepimwa, kwa hiyo likakaa chini. IST ni kigari kidogo lakini nafasi hiyo ipo.

Ndani nilitandika pampasi ya mtoto iliyofunguliwa, juu yake ile fulana. Nje nikafunika kwa kanga kuukuu, ile ambayo jina lake limefutika limebaki neno moja tu, "wangu". Upande mmoja niliuacha wazi apate hewa. Gizani paka anatulia. Anachokiogopa zaidi ni vile vitu vinavyompita kasi dirishani.

Hadi Kibaha alilia. Si ile miau ya njaa, ni sauti nzito ya kuomboleza. Nilitaka sana kumtoa nimpakate, na naelewa kwa nini watu hufanya hivyo. Nikaikumbuka breki ya Segerea, nikaingiza vidole tu kwenye waya. Mlandizi akanyamaza.

Mbele ya Chalinze trafiki alitusimamisha. Akamulika nyuma.

"Humo mna nini?"

"Paka, afande."

Akatutazama mimi na mdogo wangu. "Mnaenda kumtupa?"

Sikumlaumu. Kwetu paka akionekana ndani ya gari, mara nyingi yuko kwenye kiroba na safari yake ni ya kwenda tu. Nikafunua kanga. Shombo akamtazama kwa yale macho yake yaliyolegea kwa dawa. "Anahamia Iringa, afande. Nimepata uhamisho." Afande akacheka, akasema huyu kakaa vizuri kuliko abiria wa basi, akaturuhusu. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa nilikuwa nacho mkononi. Hakukiulizia, lakini kibebe.

Morogoro, pale Msamvu, tulikunywa chai kwa zamu, mmoja akibaki garini. Nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililofungwa juani hupita 40 ndani ya nusu saa, na paka hatoi jasho la maana. Daktari alinionya kuwa nikimwona anahema mdomo wazi kama mbwa, nisimame mara moja nimtafutie kivuli na hewa. Haikutokea. Nilimpa maji kwa kifuniko cha chupa, akalamba kidogo.

Mikumi ile sehemu ya hifadhi ni kama kilomita 50, mwendo wa mchana hauruhusiwi kuzidi 70, na si mahali pa kufungua mlango na paka. Hapo ndipo kasoro ya kwanza ya tundu ilipojitokeza. Wameliwekea bakuli la maji la kuning'iniza mlangoni. Kwa barabara zetu zenye matuta hicho kibakuli ni mzaha. Tuta la kwanza maji yote yakaenda kwenye pampasi. Nikakichomoa, nikabadilisha pampasi nikiwa nimempakata Shombo kwa mkanda wake wa kifuani, vioo vyote vimefungwa, nyani wawili wanatuchungulia kando ya barabara.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kitasa cha mlango wa juu ni cha plastiki nyepesi, na paka akisukuma kwa kichwa kinaachia. Niliigundua nyumbani, wakati wa mazoezi, namshukuru Mungu, nikawa nakifunga kwa kamba ya manila kila mara. Muuzaji nilipomwandikia alijibu kwa emoji ya mikono iliyokutana. Vibanio navyo: viwili kati ya vinane vimeshakatika, na vya akiba havikuja. Mshikio wa kubebea unalia kama mlango wa zamani, kwa hiyo mimi hulikumbatia kwa chini, silibebi kwa mshikio.

Kitonga ndiko kulikotutesa. Tulikwishapita Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, dawa inaelekea kuisha nguvu, na mlima ule ni kona juu ya kona nyuma ya malori yanayopanda mwendo wa kobe. Shombo akaanza kulamba midomo, kisha udenda ukamtoka hadi kifuani. Hicho ni kichefuchefu. Nikamwambia mdogo wangu asitafute kuovateki, aende na lori taratibu, kona azichukue polepole. Hakutapika. Ilula tukasimama dakika 15, nikamfuta kwa kitambaa chenye maji, na saa 8 mchana tukawa Iringa. Kama kilomita 500, na pampasi iliyolowa ililowa kwa maji ya kibakuli tu.

Nyumba mpya nilimfungulia chumba kimoja, tundu likiwa pembeni mlango wazi, na beseni lenye mchanga wake wa zamani niliotoka nao Dar kwenye mfuko. Mdogo wangu alicheka tulivyosafirisha mchanga wa choo mikoa minne. Lakini Shombo alitoka usiku huohuo, akanusa beseni, akajisaidia, akarudi ndani ya tundu. Kwa wiki tatu sikumruhusu kutoka nje ya nyumba, asije akajaribu kurudi Segerea kwa miguu.

Nikipewa nafasi ya kulipatia tundu hili nyota nitatoa tatu na nusu kati ya tano. Plastiki ni ngumu kweli, linaoshwa kwa dakika mbili, mlango wa juu ni baraka. Nusu ya nyota nyingine ningeitoa kama wangeweka kitasa cha chuma, na moja zaidi kama vibanio vya akiba vingekuwamo. Ile puliza ya harufu ya kutuliza paka niliyouziwa pamoja nalo siwezi kuisemea. Niliitumia siku moja na dawa, kwa hiyo sijui nani alifanya kazi.

Baridi ya Iringa mwezi wa saba imempata Shombo vizuri. Analala ndani ya tundu kila usiku, nimemtandikia sweta. Juzi jirani alikuja kuliazima ampeleke paka wake chanjo, ikabidi nimtoe mwenye nyumba kwanza. Nikampa jirani na kipande cha manila, nikamwonesha pa kufunga.