TAHADHARI: Fundi wa kugeuza pikipiki Kampala anayeifungua yote siku ya kwanza

Ndugu zangu, hasa mlioko Kampala, Wakiso na Mukono mnaotafuta fundi wa kuigeuza pikipiki umbo, naomba msome hapa kabla hamjatuma hata shilingi moja ya kianzio. Mimi nimepoteza 3,400,000 na miezi saba, na pikipiki niliyorudishiwa haikuwa ile niliyoipeleka.

Jina la fundi na la gereji yake silitaji kwa sababu shauri liko mahakamani na sitaki kuliharibu. Nitaeleza mbinu zake, maana ndizo zitakazokusaidia, na najua hazitumii peke yake.

Pikipiki yangu ni Yamaha SR400, iliyotumika Japani ikaja kupitia Mombasa. Kwa asiyeijua, ina silinda moja, cc 399, haina stata ya umeme, unaipiga kiki. Nilitaka kiti kifupi, usukani wa chini, taa ndogo ya mbele na rangi nyeusi, na injini iangaliwe kwa kuwa ilishaanza kutoa moshi wa bluu, yaani inakula oili. Kazi ya kawaida kwa anayeijua pikipiki hiyo.

Tatizo letu wenye pikipiki za namna hii ni kwamba mji umejaa mafundi wazuri wa Boxer na TVS. Boxer ikikufia saa mbili usiku, utapata spea na mtu wa kuifunga kabla hujamaliza chai. Mimi ni mtu wa Busia, mpakani kule lilikozaliwa neno bodaboda, na nimekulia kati ya mafundi hao, nawaheshimu. Lakini SR si Boxer. Wanaoijua ni wachache, na uchache huo ndio mlango wa tapeli. Anajua umezunguka sana, umechoka, na ukimpata mtu anayesema "hizi ndizo kazi zangu" moyo unatulia.

Mimi alinituliza kwa picha. Alinitumia zaidi ya ishirini, pikipiki nzuri ajabu, akisema zote zimetoka mikononi mwake. Baadaye sana, nikiwa nimeshapigwa, nilikaa nikazikuza moja moja. Kwenye moja, ukutani nyuma ya pikipiki, kulikuwa na kibao cha maandishi ya Kithai. Kwenye nyingine namba ya gari lililoegeshwa pembeni haikuwa ya Uganda. Nilikuwa nayo yote hayo kwenye simu tangu mwanzo. Kwa hiyo usikubali picha. Mwambie akupeleke kwa mtu mmoja tu aliyemtengenezea, uione pikipiki kwa macho, uzungumze na mwenyewe fundi akiwa hayupo. Mwenye kazi zake hatakosa mteja mmoja wa kumwonyesha.

Sasa siku ya kwanza, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilifika saa nne asubuhi. "Karibu bosi, karibu sana," akanitafutia kiti, akaagiza soda. Pikipiki hakuiwasha. Hakuisikiliza, hakuuliza moshi unatoka wakati gani, ukiwasha asubuhi au ukiachia gesi. Aliwapa ishara vijana wake wawili, na kabla sijamaliza ile soda walishashusha tangi, kiti na ekzosi. Ilipofika saa saba injini ilikuwa chini, juu ya gunia. Nikasema moyoni, hawa ni wachapakazi.

Ndugu zangu, pikipiki iliyofunguliwa haiondoki. Ukigombana na fundi utaibeba na nini? Bolti zako ziko kwenye ndoo tatu, zimechanganyika na za watu wengine. Hujui ipi yako. Tangu saa saba ya siku ile kila alichoniomba nilikitoa, kwa sababu kukataa kulimaanisha kuiacha pale vipande vipande. Haikuwa haraka ya kazi. Aliishika mateka.

Kianzio kilikuwa 1,500,000. Wiki ya tatu akataka 850,000 za pistoni na ringi "orijino kutoka Japani". Mwezi wa pili akataka 600,000, mzigo umekwama na unadai ushuru. Kisha 450,000 za rangi na kiti. Kila mara kwa simu, kila mara jioni, kila mara kwa haraka: "Bosi, nisipotuma leo wanarudisha." Risiti sikupata hata moja. Nilipoiomba ya pistoni alinitumia picha ya boksi la Yamaha lenye kibandiko.

Hapa naomba msimame kidogo, kwa sababu kuna kitu kinachoweza kukuokoa. Namba za spea za Yamaha zina mpangilio. Kundi la kwanza la herufi na tarakimu linaonyesha modeli ambayo spea ilitengenezewa kwanza, na tarakimu tano zinazofuata zinaonyesha ni spea gani. Pistoni ni 11631. Boksi alilonipigia picha lilikuwa na 11181, na hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Yaani hata hakuangalia, aliokota picha yoyote ya boksi la Yamaha akanitumia. Dakika mbili za kutafuta namba ile kwenye intaneti zingetosha kunifumbua macho. Sikutafuta. Nilikuwa namwamini.

Mwezi wa saba akaniita nichukue. Sitadanganya, ilikuwa inang'aa. Nyeusi tii, kiti cha ngozi kimeshonwa vizuri, na ilishika kwa kiki ya tatu. Nilimpa mkono nikamshukuru. Jumamosi iliyofuata nikaondoka nayo kwenda nyumbani Busia kumwona mama. Nilipita Mukono salama. Karibu na Namawojjolo, pale wanapouza kuku wa kuchoma kando ya barabara, injini ikaanza kugonga, sauti kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko ndani ya tumbo la pikipiki. Nikaachia gesi, nikashika klachi, ikazima. Kiki haikushuka tena. Namshukuru Mungu sikuwa katikati ya msitu wa Mabira na lori nyuma yangu. Vijana wa kuku walinisaidia kuisukuma kando, na mmoja akanitafutia pikapu ya kunirudisha mjini.

Niliyempelekea safari hii ni mzee mmoja wa Katwe, nilielekezwa na mwalimu mwenye Yamaha XT ya zamani ambayo bado inatembea. Nataka mwone tofauti. Mzee hakugusa spana. Alivuta kigoda akakaa, akasema, "Mwanangu, nieleze kuanzia mwanzo." Akauliza imetembea kilomita ngapi tangu ifungwe, nilipima oili vipi, iligonga nikiwa gia ya ngapi. Ndipo akafungua kitu kimoja tu: chujio lililo chini ya bomba la mbele la fremu. Akaimwaga ile oili polepole kwenye sahani nyeupe ya bati na kuiinamisha kwenye jua. Chini ya sahani zilibaki chembe nyeusi, ngumu, kama mchanga wa mtoni. Akachukua moja kwa ncha ya kidole, akaiweka kwenye kiganja changu. "Hii ni takataka ya kuchomelea," akasema.

SR haiweki oili yake yote chini ya injini kama pikipiki nyingi tulizozizoea. Tangi la oili ni fremu yenyewe, lile bomba unaloliona mbele. Yule fundi wa kwanza alichomelea kishikio cha taa palepale, juu ya bomba lenye oili, na hakulisafisha ndani. Magamba ya moto yakazunguka na oili hadi kwenye injini. Fundi anayeijua SR hathubutu kuligusa bomba lile.

Injini ilipofunguliwa, pistoni mpya haikuwemo. Ilikuwa ileile yangu ya zamani, imeoshwa kwa petroli na kusuguliwa kwa msasa ing'ae. Mistari ya msasa ilionekana wazi ubavuni, juu ya ile mikwaruzo ya zamani. Kabureta nayo haikuwa yangu. Yangu ilikuwa Mikuni, jina limetokeza kwenye chuma chake. Hii haikuwa na jina lolote, na bolti zake zilikuwa laini kiasi kwamba bisibisi ilizila vichwa. Na namba ya chesi kwenye shingo ya usukani ilikuwa imezibwa kwa puti na rangi, haisomeki. Hilo lilinitisha kuliko injini. Pikipiki ambayo namba yake haisomeki, mbele ya polisi ni pikipiki ya wizi, hata kama logibuku imo mfukoni mwako.

Mzee alinipa kila kitu kibovu alichokitoa ndani ya kopo la Blue Band, hata ringi zilizovunjika. "Chuma chako ni chako," akasema. Kule kwa yule mwingine sikurudishiwa hata plagi moja ya zamani, wala sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo unapokwenda kwa fundi mpya, usianze na bei. Anza na swali linaloihusu pikipiki yako hasa, ambalo jibu lake unalijua. Kwa mwenye SR, muulize oili inapimwaje. Anayeijua atakwambia iwashwe ipate moto kwanza, izimwe, isubiri kidogo, ndipo uchomoe kijiti kilicho juu kwenye fremu karibu na usukani. Ukiipima ikiwa baridi imelala siku kadhaa, oili inakuwa imeteremka kwenye injini, kijiti kinaonyesha pungufu, na asiyejua anaongeza hadi inafurika. Asiyeijua ataanza kuinama kutafuta kipimo ubavuni mwa injini. Muulize pia kile kidirisha kidogo upande wa juu wa injini ni cha nini. Ni cha kuonyesha pistoni iko wapi ili upige kiki bila kurudishwa mguu. Hapo utakuwa umeshamjua mtu kabla hajaishika spana.

Usikubali ifunguliwe siku unayoipeleka. Iwashwe mbele yako, muisikilize pamoja, mwandike kazi zote na bei ya kila moja, mtie sahihi kukiwa na shahidi. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji au mtaa, anafaa. Pesa zigawanywe kwa hatua: kazi moja ikiisha, unaiona, unalipa inayofuata. Spea za gharama nunua mwenyewe na upeleke kwa mkono wako. Logibuku halisi ibaki nyumbani. Piga picha namba ya chesi na namba ya injini zikiwa zinasomeka, piga picha kabureta, hedi, magurudumu, na utie alama ndogo mahali ambapo haitafutika. Na mwambie waziwazi tangu mwanzo kwamba kila spea kuukuu inayotoka unaitaka. Akikunja uso kwa hilo, washa pikipiki uondoke, maana bado inawaka.

Kwa ambaye ameshaumizwa, usinyamaze kwa aibu kama nilivyofanya mimi wiki nzima. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na gereji, andikisha, na usiondoke bila namba ya SD, yaani ya daftari la kituo. Hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba malalamiko yako yameandikwa. Kisha kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Hauhitaji wakili. Unaanza kwa kumpa mdaiwa barua ya madai yenye siku 14 za kulipa, na asipolipa unafungua shauri. Mimi nilipeleka ile barua nikiwa na shahidi. Ujumbe wa mobile money ndio ulionisaidia, kwa kuwa kila senti niliyomtumia ina tarehe na jina lake. Pesa za kianzio nilizompa mkononi ndizo zinazonisumbua sasa kuzithibitisha, kwa hiyo hata kama fundi atakuomba taslimu ili akupunguzie, tuma kwa simu.

Injini imeshafungwa upya kule Katwe, na namba ya chesi mzee ameikwangua puti taratibu hadi ikasomeka yote. Kilichobaki ni kabureta yangu. Ni Mikuni, na chini ya bakuli lake kuna nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha, mke wangu aliziweka siku tulipoisafisha pamoja sebuleni. Bolti moja ya bakuli imeliwa pembe upande mmoja. Ukiikuta kwa wauza spea wa Kisekka, Ndeeba au kokote, tafadhali usimuulize muuzaji ameitoa wapi. Uliza bei kama mnunuzi wa kawaida, piga picha ukiweza, uniandikie hapahapa.