Monita ya bloku ya vipimo vitano: inafaa kwa Bukavu, ila usiinunue na brasari moja

Monita nyingi zinazonunuliwa kwa bloku ndogo (vyumba vya upasuaji), iwe komini za Kadutu, Bagira au Ibanda mjini Bukavu, zinafanana: skrini moja yenye tansiyo ya otomatiki, ECG (umeme wa moyo), oksimeta (oksijeni ya damu), joto na hesabu ya pumzi. Tathmini hii ni ya aina hiyo yote, si ya kiwanda kimoja. Kwa ufupi: ni mashine nzuri, inamfungua mikono mtu anayetoa dawa ya usingizi, na bloku inayopasua akina mama bila kuwa nayo inajitia hatarini. Lakini ina mambo mawili ambayo muuzaji hatakueleza: brasari yake, yaani mkanda wa upepo unaofungwa mkononi, na damu ambayo haiioni.

Tuanze na namna inavyopima tansiyo. Brasari hujaa upepo mpaka mshipa wa mkono uzibwe, kisha upepo hupunguzwa hatua kwa hatua huku mashine ikipima mtetemo wa mshipa ndani ya brasari. Mtetemo unapofika kileleni, hapo ndipo tansiyo ya wastani. Namba ya juu na ya chini hazipimwi. Hupatikana kwa hesabu ambayo kila kiwanda kina kanuni yake. Kwa hiyo ile namba ndogo ya kwenye mabano, ambayo wengi huiruka, ndiyo mashine inayoijua vizuri kuliko zote. Mwenye 120/80 ana wastani wa 93, kwa kuwa wastani huu huegemea namba ya chini. Mwenye 90/60 ana 70. Kwa mtu mzima, kukaa chini ya 65 kumehusishwa mara nyingi na madhara ya figo na moyo baada ya operesheni. Weka kengele ya wastani kwenye 65 siku ileile ya kuifunga mashine, usibaki na namba za kiwandani.

Na 65 si ruhusa kwa kila mgonjwa. Utafiti wa Ufaransa uliotoka mwaka 2017 ulichukua wagonjwa walio katika hatari kubwa, nusu yao namba ya juu ikashikiliwa isiachane kwa zaidi ya asilimia 10 na ile ya kawaida yao. Walioharibikiwa viungo walikuwa asilimia 38 hivi, dhidi ya 52 kwa waliotunzwa kwa njia ya desturi. Mzee anayeishi na 170, ukimwona na 100 usiseme "iko sawa". Andika tansiyo yake ya kabla ya usingizi juu ya karatasi, kwa namba kubwa.

Sasa brasari, kwani hapa ndipo mashine nzuri inapogeuka kuwa mwongo. Ndani ya katoni mara nyingi utakuta moja tu, ya mtu mzima wa wastani. Kanuni ni hii: mfuko wa upepo uwe na upana wa asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wa asilimia 80. Mkono wa sentimita 24 unataka upana wa karibu 10. Wa sentimita 36 unataka 14 au zaidi. Brasari kubwa kupita mkono husoma chini, nawe utatoa efedrini (dawa ya kupandisha tansiyo) isiyohitajika. Brasari ndogo kwenye mkono mnene ni mbaya zaidi, kwa sababu husoma juu: tansiyo ya mama imeshuka, skrini inakuonyesha 105. Dai saizi tatu za watu wazima kabla ya kulipa, na ya watoto ikiwa mnapasua watoto.

Kimo cha mkono nacho kina hesabu yake. Kila sentimita 10 juu ya moyo hupunguza namba kwa 7 hadi 8. Mama wa upasuaji aliyeinamishwa upande wa kushoto, brasari ikiwa mkono wa kulia, anaweza kuonekana ameshuka kumbe ni mkono tu ulioinuka. Tena usiweke oksimeta wala serumu kwenye mkono wa brasari: kila ikijaa, oksimeta inalia na dawa inasimama njiani.

Kwa ganzi ya mgongo, ile rashi, mashine iwekwe ipime tansiyo kila dakika moja au mbili mpaka mtoto atoke. Baada ya hapo, kati ya kipimo na kipimo zisizidi dakika 5. Na mashine ikijaza brasari mara mbili, mara tatu, bila kutoa namba, usiilaumu kwanza. Labda mgonjwa anatetemeka, labda msaidizi ameegemea mkono, labda moyo unapiga bila mpangilio. Lakini labda tansiyo imeshuka mno. Shika mshipa wa shingo wakati huohuo. Tena ikishuka sana, mashine hizi huelekea kuonyesha namba iliyo juu kuliko ukweli.

Tufike kwenye damu, maana hapa ndipo watu wanafia mbele ya skrini isiyolia. Mtu wa kilo 70 ana damu kama lita 4.9. Akipoteza mililita 750, karibu hakuna kinachobadilika. Akikaribia lita moja na nusu, mishipa hujibana na namba ya juu inaweza kubaki palepale. Tazama mfano: alianza na 118/74, mapigo 84. Nusu saa baadaye ana 112/86, mapigo 116. Wastani umetoka 89 na kupanda hadi 95! Hakuna kengele. Lakini pengo kati ya namba mbili limetoka 44 hadi 26, na ukigawa mapigo kwa namba ya juu, jibu limetoka 0.7 hadi kupita 1. Huyo anavuja. Monita haikufanyii hesabu hiyo. Ifanye mwenyewe kila dakika 5. Angalizo: rashi huzuia mishipa kujibana, hivyo tansiyo huanguka mapema zaidi; anayekunywa propranololi (dawa ya kutuliza mapigo ya moyo) moyo wake hauendi mbio; na ketamini (dawa ya usingizi) hupandisha tansiyo na mapigo kwa muda, ikakuficha hali.

Kwa hiyo pamoja na monita nunua mizani ya gramu. Pima kompresi (kitambaa cha kufyonza damu) yenye damu, toa uzito wa kompresi kavu: gramu moja ni mililita moja. Chupa ya aspirateri (mashine ya kunyonya damu), toa maji ya kuoshea na maji ya uzazi. Makadirio ya macho hukosea, hasa kwa upande wa kupunguza. Kwa uzazi wa kawaida kuna plastiki ya kutandika chini ya mama, yenye mfuko na alama za mililita. Iliyojaribiwa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, matokeo yakatangazwa 2023, pamoja na tiba zote kutolewa kwa mkupuo mmoja, ilipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Kwa thamani yake, ni kifaa bora kuliko monita yenyewe.

ECG ni umeme wa moyo, si nguvu ya kusukuma. Mawimbi yanaweza kuwa mazuri na mshipa haupigi. Ukiweza kuongeza fedha, ziweke kwenye kapnografu, inayopima kaboni dioksidi katika pumzi inayotoka: hewa ukiipeleka kwa kiasi kilekile na namba ikatoka 36 ikaanguka hadi 24, hakikisha kwanza bomba halijachomoka, kama lipo sawa, moyo unapeleka damu kidogo mapafuni, na utaliona hilo mapema. Kuhusu oksijeni, Bukavu iko karibu mita 1,500, basi asilimia 95 kwa mtu aliye macho si ugonjwa.

Dukani, njoo na manometa ya duara (kipimo cha mkandamizo chenye mshale), kiungo cha matawi matatu na chupa ngumu ya kuvalisha brasari. Linganisha kwenye 50, 100, 150, 200: tofauti isizidi 3. Acha brasari imejaa dakika moja: ikipoteza zaidi ya 6, mpira unavuja. Chomoa waya wa umeme, tansiyo ikipimwa kila dakika 5, uhesabu muda. Isipofika saa moja, ikatae, kwa maana umeme wa bwawa la Ruzizi hauna ratiba ya upasuaji. Kisha angalia kichwa cha mpira wa brasari: kama kiungo chake hakipatikani mjini, siku mpira utakapopasuka monita yote itakaa kabatini.