Uzoefu wangu: Mediterania kwa meli ya utalii, nyuma ya Quaker City ya 1867

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Meli yenyewe ningeipa zaidi: chumba kisafi, wahudumu hawana makuu, na chakula cha halali tulikipata bila mvutano kwa sababu tuliomba mapema, wakati wa kukata tiketi. Nyota zimepungulia bandarini, na bandari ndizo hasa tulizolipia.

Mimi na mke wangu tulipandia Genova na kushukia Istanbul, tukapitia Marseille, Livorno, Civitavecchia, Napoli, Piraeus (bandari ya Athens) na Izmir. Niliichagua ratiba hii kwa kuwa inafuata sehemu kubwa ya njia ya Quaker City, meli ya mvuke yenye magurudumu ubavuni iliyoondoka New York Juni 1867 na kurudi Novemba, imebeba Wamarekani waliokwenda kutembea tu, si biashara wala vita. Nauli ilikuwa dola 1,250, na abiria walishauriwa wawe na dola 5 za dhahabu kwa kila siku ya kutembea nchi kavu. Zilitangazwa nafasi 150, kamati ikaundwa ya kuchuja waombaji, na Jenerali Sherman, mashuhuri tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akatajwa kuwa atakuwemo. Hakutokea. Matangazo ya utalii hayajaanza leo kutia chumvi.

Tangazo la safari yetu liliandika "Roma" na "Firenze". Ukishuka unakuta uko Civitavecchia na Livorno. Hapo siwalaumu sana, maana hata meli za zamani zilitia nanga kulekule. Kilichobadilika ni muda. Baadhi ya abiria wa 1867 waliiacha meli Genova, wakazunguka Milano, Venezia na Firenze kwa garimoshi, kisha wakaikuta Livorno. Sisi tulishuka saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni kila mtu awe ndani. Ziara ya Roma iliyouzwa melini ilikuwa ya basi. Tukakaa kwenye foleni kwenda, tukakaa kwenye foleni kurudi, na Colosseum tuliiangalia zaidi kupitia kioo. Mzee mmoja tuliyekuwa tukila naye meza moja alikwenda zake stesheni ya Civitavecchia, akapanda treni ya kawaida, baada ya kama saa moja yuko Roma, na jioni akatusimulia alivyokula mchana taratibu Trastevere, mtaa wa zamani wa Roma, kwa gharama isiyokaribia ya kwetu. Reli hiyo ipo tangu 1859, enzi ambazo Papa bado ndiye mtawala wa Roma na Civitavecchia ni bandari yake. Kwa hiyo siyo siri mpya.

Livorno tukaachana na Firenze, tukaenda Pisa, ambako ni karibu kwa treni. Marseille gati la meli kubwa liko mbali na mji. Usijitie kutembea kwa miguu, tafuta basi hadi Bandari ya Kale, na pale kuna boti za kwenda ngome ya Château d'If.

Napoli ni kinyume kabisa. Unatoka getini, ngome ya Castel Nuovo hii hapa mbele yako, na kelele za mji zimeshakupokea. Tulikwenda Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na volkano, kwa treni ya wenyeji, iliyojaa kama daladala ya jioni, tukaona zile sanamu za plasta za watu waliofunikwa na majivu. Utaalamu wa kumimina plasta kwenye mashimo yaliyoachwa na miili ulianza kutumika pale 1863 chini ya Giuseppe Fiorelli, kwa hiyo watalii wa Quaker City walifika jambo lenyewe likiwa bado jipya.

Piraeus ndipo nilipoipenda safari. Mwaka 1867 kipindupindu kilikuwa kimeitia Mediterania hofu, na Wagiriki waliizuia Quaker City: karantini ya siku 11 au msishuke. Abiria wanne, mmoja wao mwandishi Mark Twain, ambaye nauli yake ililipwa na gazeti la San Francisco, walitoroka usiku kwa mashua, wakatembea hadi Athens, wakaingia Akropoli, kilima chenye mahekalu ya kale, kwa mbalamwezi, wakarudi kabla hawajakamatwa. Iliwabidi watembee, kwa sababu reli ya Piraeus hadi Athens ilifunguliwa 1869. Leo njia hiyo ni sehemu ya metro. Sisi tulishuka Monastiraki, katikati ya Athens, baada ya kama nusu saa. Tiketi ya Akropoli kateni mtandaoni mapema, ina saa maalumu ya kuingia. Vaeni viatu vyenye kushika, yale marumaru yanateleza hata bila mvua.

Izmir ndiyo Smirna ya kitabu cha Ufunuo, na kutoka pale unakwenda Efeso. Hapa tuliwazidi watu wa 1867. Wao walipanda treni kisha punda, wakakuta magofu mengi bado yamefukiwa. Hata mahali lilipokuwa hekalu la Artemi palikuja kugunduliwa 1869. Maktaba ya Celsus, ile inayopigwa picha na kila mtu, ilifukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na uso wake ukasimamishwa upya miaka ya 1970. Mke wangu, ambaye barua ya Waefeso anaijua karibu yote kwa kichwa, aligoma kutoka kwenye ukumbi mkubwa wa maonyesho, ule wa ghasia za wafua fedha katika Matendo ya Mitume. Dereva wa teksi tulimwongezea hela ya kusubiri. Hiyo sijutii.

Istanbul meli inafunga Galataport, kituo kilichofunguliwa 2021, ukaguzi wote uko chini ya ardhi, na tramu iko hatua chache.

Wenye pasipoti za kwetu, angalieni viza kabla ya bei. Uturuki haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, zikiwemo Italia na Ugiriki. Kama meli yako inatoka Ugiriki, inagusa Izmir, halafu inarudi Italia, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Wakala aliyetukatia tiketi hakuligusia hilo hata kidogo. Tuliuliza wenyewe ubalozini.